UCHAMBUZI: Ni nani hutoa amri katika mtandao usio na mkubwa?

ALIYEKUWA Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt Patrick Njoroge, alipotangaza Juni 1, 2019 kwamba noti za zamani za Sh1,000 zingekoma kuwa pesa halali kufikia Oktoba 1 mwaka huo, hakuhitaji ridhaa ya mwenye duka wala ya mkulima aliyekuwa na akiba yake chini ya godoro.

Tangazo lilitolewa wakati wa sherehe za Madaraka mjini Narok, tarehe ya mwisho ikawekwa, na miezi minne baadaye shughuli ikawa imekamilika. Noti za thamani ya takriban Sh7.4 bilioni hazikurudishwa benki. Waliokuwa nazo walibaki na karatasi tupu.

Hivyo ndivyo pesa zinavyobadilishwa tangu jadi. Huwepo mwenye mamlaka, huwepo tarehe, na huwepo adhabu kwa anayekaidi. Hata katika pesa za simu mambo ni yayo hayo. Safaricom ilipohamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, wateja waliarifiwa tu kwamba huduma ingekatizwa kwa muda, wakalala, na walipoamka wakakuta mfumo mpya.

Lakini je, mambo yangekuwaje iwapo Kenya haingekuwa na Benki Kuu, na kila mwenye duka kutoka Vanga hadi Lodwar angekuwa na uhuru wa kujiamulia ni noti gani aipokee na ni ipi aikatae?

Hilo ndilo suala ambalo limewakuna vichwa watumiaji wa sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin na Ethereum kwa zaidi ya miaka 15. Sifa kuu ya sarafu hizi ni kwamba hazina mkubwa. Hata hivyo, programu zinazoziendesha huandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi kasoro. Ni sharti zirekebishwe mara kwa mara. Sasa basi, ni nani atoaye amri ya kurekebisha mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuamuru?

Swali hili limekuwa na uzito zaidi humu nchini tangu Oktoba 2025, wakati Rais William Ruto alipotia saini sheria ya kudhibiti kampuni zinazotoa huduma za mali za kidijitali. Sheria hiyo iliikabidhi Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kuzipa leseni na kuzisimamia kampuni hizo. Lakini kanuni zinazoamua iwapo sarafu fulani ni halali au bandia hazitungwi na kampuni hizo, wala hazitungwi Nairobi.

DAFTARI MOJA, WAANDISHI WENGI

Ili kuelewa ugumu uliopo, ni muhimu kufahamu jinsi mtandao wa aina hii unavyofanya kazi.

Bitcoin ilianza Januari 3, 2009 kwa programu iliyoandikwa na mtu, au kundi la watu, aliyejiita Satoshi Nakamoto. Kimsingi, ni daftari la hesabu linaloonyesha ni nani amemlipa nani. Nakala za daftari hilo zimo katika maelfu ya kompyuta kote duniani. Kila baada ya dakika kumi hivi, ukurasa mpya wa malipo, unaojulikana kama bloku, huongezwa na wale wanaoitwa wachimbaji. Hao ni watu na kampuni zenye mitambo ya kushindana kutatua fumbo la hesabu ili kujipatia haki ya kuandika ukurasa huo na kulipwa ujira.

Kila kompyuta yenye nakala ya daftari huukagua ukurasa mpya kwa kufuata kanuni zilizomo katika programu yake. Ukurasa ukitimiza kanuni hupokelewa. Ukikiuka hata kanuni moja hutupwa, bila kujali umetoka kwa nani.

Ulinzi huo ndio unaoleta mashaka wakati kanuni zinapohitaji kubadilishwa. Iwapo nusu ya kompyuta zitakuwa na kanuni mpya na nusu nyingine zibaki na za zamani, ukurasa mmoja unaweza kupokelewa huku na kukataliwa kule. Kuanzia hapo kutakuwa na madaftari mawili na sarafu mbili, kila upande ukidai kuwa ndio wenye haki.

Mabadiliko yenyewe ni ya aina mbili, na mfano wa matatu unaweza kufafanua tofauti yake. Chukua matatu inayoruhusiwa kubeba abiria 14. Wenye magari wakikubaliana kwamba kuanzia kesho watabeba abiria kumi pekee, hata afisa wa polisi ambaye hajasikia habari hizo hatakuwa na kosa la kuwashtaki nalo, kwani kumi hawajazidi 14. Hayo ni mabadiliko ya kubana kanuni. Kompyuta zenye programu za zamani huendelea kuukubali ukurasa mpya bila matatizo.

Lakini wakikubaliana kubeba abiria 18, afisa huyo atawanasa wote. Hayo ni mabadiliko ya kulegeza kanuni. Hapa kila kompyuta hulazimika kupata programu mpya kabla ya siku iliyowekwa, la sivyo itabaki upande mwingine wa njia panda. Mivutano mingi iliyowahi kuutikisa ulimwengu wa sarafu hizi inatokana na tofauti hii moja, kwani wasiopenda hatari daima huchagua kubana, nao wenye haraka hutaka kulegeza.

USIKU WA MACHI 2013

Hatari ya njia panda ilidhihirika usiku wa kuamkia Machi 12, 2013. Watunzaji wa programu ya Bitcoin walikuwa wametoa toleo jipya nambari 0.8, ambalo lilitumia mbinu tofauti ya kuhifadhi data. Hakuna aliyekusudia kubadilisha kanuni yoyote.

Kumbe toleo la zamani lilikuwa na kikomo kilichofichika katika hifadhi yake ya data, ambacho hata waliolitunza hawakukijua. Ukurasa mkubwa kuliko kawaida ulipoandikwa, kompyuta zenye toleo jipya ziliupokea ilhali nyingi za zile za zamani ziliukataa. Daftari likagawanyika mara mbili.

Kwa mujibu wa kanuni, upande wenye nguvu nyingi za wachimbaji ndio hushinda, na wengi walikuwa tayari kwenye toleo jipya. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi na watumiaji wa kawaida walikuwa bado kwenye la zamani. Kuwaamsha wote hao usiku huo ili wabadilishe programu lilikuwa jambo lisilowezekana.

Waandishi wa programu walikutana kwa dharura katika ukumbi wao wa mazungumzo kwenye intaneti na kufikia uamuzi ambao ungemshangaza mgeni: toleo jipya lirudi nyuma. Waliwasihi wasimamizi wa makundi makubwa ya wachimbaji warejee kwenye toleo la zamani. Kundi la BTC Guild, mojawapo ya yale makubwa zaidi wakati huo, lilikubali ingawa kufanya hivyo kulimaanisha kupoteza ujira wa kurasa ambazo lilikuwa limeshaziandika.

Baada ya saa sita hivi, daftari la zamani liliupiku upande wa pili. Kurasa 24 zilitupwa. Ujira wa kila ukurasa ulikuwa Bitcoin 25 wakati huo, kumaanisha kwamba ujira wa Bitcoin 600 uliyeyuka. Soko la Mt Gox, lililokuwa kubwa zaidi, lilisimamisha kwa muda upokeaji wa sarafu hizo ili kuepuka hasara.

Waliosifu tukio hilo walisema mtandao ulijiponya bila amri ya serikali. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba uliponywa na watu wachache waliojuana, waliokuwa macho usiku huo, na ambao sauti zao zilisikizwa. Laiti wasimamizi wa makundi mawili au matatu wangekuwa wamelala, au wangekataa hasara, hadithi ingekuwa nyingine.

VITA VYA UKUBWA WA UKURASA

Tukio la 2013 lilikuwa ajali, na kila mtu alitaka suluhu. Kibarua kigumu zaidi huja wakati ambapo wahusika hawakubaliani kuhusu wanakotaka kwenda.

Mnamo 2010 Nakamoto aliweka kanuni kwamba ukurasa mmoja wa Bitcoin usizidi megabaiti moja. Watumiaji walipoongezeka, nafasi hiyo ikawa finyu na ada za kutuma pesa zikapanda. Kuanzia 2015, kambi mbili zilijitokeza. Kambi ya kwanza, iliyojumuisha kampuni nyingi na baadhi ya wachimbaji wakubwa, ilitaka ukurasa upanuliwe. Ya pili, iliyokuwa na waandishi wengi wa programu, ilihofia kwamba daftari likiwa kubwa mno, mtu wa kawaida hataweza kulihifadhi katika kompyuta yake, na ukaguzi utabaki mikononi mwa matajiri.

Kambi hiyo ya pili ilipendekeza mbinu iliyoitwa SegWit, ambayo ilipanga upya saini za malipo ili kupata nafasi bila kuvunja kanuni za zamani. Kura ilipigwa na wachimbaji, kila mmoja akiweka alama katika kurasa alizoandika kuonyesha kwamba yuko tayari. Ilihitajika asilimia 95 ya kurasa katika kipindi cha kurasa 2,016, ambacho ni takriban wiki mbili. Miezi ilipita uungaji mkono ukisuasua mbali sana na kiwango hicho.

Mnamo Mei 2017, kampuni 58 kutoka mataifa 22 zilitia saini mkataba uliojulikana kama Makubaliano ya New York. Zilidai kuwa na uungaji mkono wa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zote za wachimbaji. Mpango wao ulikuwa kupitisha SegWit kwanza, kisha kupanua ukurasa hadi megabaiti mbili miezi michache baadaye. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa, mchezo ulikuwa umekwisha.

Lakini watumiaji wadogo walikuwa na silaha yao. Kundi miongoni mwao lilitangaza kwamba kuanzia Agosti 1, 2017 kompyuta zao zingetupa kila ukurasa ambao mwandishi wake hakuonyesha kuunga mkono SegWit. Mchimbaji anaweza kuwa na mitambo ya mabilioni ya pesa, lakini sarafu ambayo hakuna anayeitambua haiwezi kumlipia hata stima.

Kitisho hicho, pamoja na mkataba wa New York, kiliwafanya wachimbaji kuafikiana Julai. SegWit ilianza kutumika Agosti 24. Wasioridhika walijitenga Agosti 1 na kuunda sarafu yao, Bitcoin Cash, yenye ukurasa wa megabaiti nane. Aliyekuwa na Bitcoin kumi siku hiyo alijikuta pia na Bitcoin Cash kumi.

Sehemu ya pili ya mkataba wa New York haikutekelezwa kamwe. Mnamo Novemba 8, 2017, siku chache kabla ya tarehe iliyopangwa, viongozi wa mpango huo waliufutilia mbali wakikiri kwamba hawakuwa wamepata uungaji mkono wa kutosha. Kampuni 58 na mitambo yao yote zilishindwa kuwalazimisha watu kuendesha programu wasiyoitaka.

Funzo lilizingatiwa. Badiliko kubwa lililofuata, liitwalo Taproot, lilijadiliwa kwa miaka kadhaa kabla ya wachimbaji kuulizwa. Walipoulizwa mwaka 2021, kiwango kilikuwa kimepunguzwa hadi asilimia 90 na muda wa kujibu ukafanywa kuwa mfupi. Taproot ilianza kutumika Novemba 14, 2021 bila purukushani.

PESA ZILIPOIBWA

Ethereum, iliyozinduliwa Julai 30, 2015, ilichagua njia tofauti. Mwanzilishi wake mashuhuri, Vitalik Buterin, anajulikana na husikizwa, na mtandao huo umezoea kubadilisha kanuni mara kwa mara. Mwanzoni hata uliwekewa kile kilichoitwa bomu la ugumu. Hii ni kanuni ambayo hupunguza polepole kasi ya mtandao ili anayekataa mabadiliko ajikute kwenye daftari linalokwama. Bomu hilo lilisogezwa mbele mara kadhaa kila mabadiliko yalipochelewa.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mapema. Mnamo Mei 2016 maelfu ya watu walichanga Ether zenye thamani ya takriban dola 150 milioni katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa The DAO. Mfuko huo uliendeshwa na programu pekee, bila bodi wala meneja. Mnamo Juni 17, mtu aliyegundua kasoro katika programu hiyo alichota Ether milioni 3.6.

Kwa bahati, programu yenyewe ilimzuia kuzitumia kwa wiki kadhaa. Saa ikawa inahesabiwa. Pendekezo la kwanza la kuzifungia pesa hizo kwa kubana kanuni lilitupwa baada ya kugunduliwa kwamba lingefungua mwanya wa kushambulia mtandao mzima. Lililobaki lilikuwa kubadilisha daftari lenyewe na kuzihamisha pesa kwa nguvu ili wenyewe wazirejeshewe.

Je, wizi urekebishwe kwa kufuta kilichoandikwa, ilhali ahadi ya sarafu hizi ilikuwa kwamba kilichoandikwa hakifutiki? Kura isiyo rasmi ilipigwa kwa uzito wa Ether ambazo mtu alimiliki, na asilimia 87 ya zilizopiga kura ziliunga mkono. Hata hivyo, Ether zilizoshiriki zilikuwa sehemu ndogo tu ya zote zilizokuwepo.

Mnamo Julai 20, 2016 badiliko lilifanywa. Wengi walilifuata. Wachache walioshikilia kwamba ahadi ni ahadi walibaki kwenye daftari la zamani, ambalo lingalipo kwa jina Ethereum Classic. Msimamo wao ulikuwa na gharama. Kwa kuwa wachimbaji wengi walihama, Ethereum Classic ilishambuliwa Januari 2019 na tena Agosti 2020 na watu waliokodi au kukusanya nguvu za kutosha kuziandika upya kurasa zake.

Tukio la The DAO liliacha kovu. Waathiriwa walirudishiwa pesa zao, jambo ambalo aliye muungwana hawezi kulilaumu. Hata hivyo, kila mwenye Ether alijua kuanzia siku hiyo kwamba daftari linaweza kubadilishwa iwapo wanaoumia ni wengi vya kutosha na wana marafiki wenye ushawishi. Maskini ambaye ameibiwa Ether mbili hawezi kutarajia dunia nzima ibadilishiwe kanuni kwa ajili yake.

MAZOEZI KABLA YA NGOMA

Tangu wakati huo, Ethereum imejenga utaratibu ambao hata mashirika ya serikali yanaweza kuuiga. Waandishi wa programu hukutana kila wiki kwa mikutano ya simu iliyo wazi kwa umma. Hawapigi kura. Mwenyekiti husikiliza hoja hadi kusiwe na pingamizi nzito, mfano wa wazee barazani. Kila pendekezo huandikwa na kupewa nambari, kisha hufanyiwa mazoezi katika mitandao ya majaribio yenye sarafu zisizo na thamani.

Isitoshe, programu za Ethereum huandikwa na makundi kadhaa yanayojitegemea, kila moja likifuata maelezo yaleyale kwa namna yake. Kundi moja likikosea, mengine hubaki wima.

Mnamo Januari 2019, badiliko lililoitwa Constantinople liliahirishwa zikiwa zimesalia takriban siku mbili tu, baada ya kampuni ya ukaguzi ya ChainSecurity kugundua kwamba lingewawezesha wezi kupora baadhi ya mikataba. Lilitekelezwa Februari 28 baada ya sehemu yenye dosari kuondolewa.

Kilele cha utaratibu huo kilikuwa Septemba 15, 2022. Siku hiyo, muda wa saa tatu na dakika 42 asubuhi saa za Kenya, Ethereum iliachana na uchimbaji na kuhamia mfumo ambapo kurasa huandikwa na watu walioweka dhamana ya Ether 32. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Ilikuwa sawa na kubadilisha injini ya ndege ikiwa angani, na abiria wengi hawakuhisi lolote.

Mafanikio hayo hayakuja kwa bahati. Mfumo mpya ulikuwa umeendeshwa kando ya ule wa zamani tangu Desemba 1, 2020. Mitandao mitatu ya majaribio, Ropsten, Sepolia na Goerli, ilihamishwa kwanza mmoja baada ya mwingine. Hata wakati wenyewe wa kuhama haukuwekwa kwa tarehe ya kalenda. Ulifungamanishwa na jumla ya kazi yote ambayo wachimbaji walikuwa wamefanya tangu mwanzo, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kuunda daftari la pembeni na kulifikisha hapo mapema.

Umuhimu wa mazoezi ulionekana tena Februari 2025, wakati badiliko liitwalo Pectra lilipojaribiwa katika mtandao wa Holesky. Baadhi ya programu zilikuwa zimewekewa anwani isiyo sahihi, mtandao ukagawanyika, na ikachukua takriban wiki mbili kuurejesha katika hali ya kawaida. Hakuna aliyepoteza senti kwa kuwa sarafu hizo hazikuwa na thamani. Mtandao mwingine wa majaribio, Hoodi, uliundwa Machi, na Pectra ikaingia kwenye mtandao halisi Mei 7, 2025 salama salimini.

SIRI ZA WACHACHE

Hata hivyo, si kila kitu hufanywa barazani. Mnamo Septemba 2018 iligunduliwa kwamba programu ya Bitcoin ilikuwa na kasoro iliyoingia mwaka 2017, ambayo ingemwezesha mchimbaji kuunda sarafu kutoka hewani na kuvunja kikomo cha Bitcoin milioni 21. Aliyeitoboa, la kustaajabisha, alikuwa mwandishi wa programu wa Bitcoin Cash, ile kambi iliyojitenga mwaka mmoja uliotangulia.

Umma uliambiwa kwanza kwamba kasoro hiyo ingeweza tu kuzima kompyuta. Wachimbaji wakubwa walihimizwa kuweka programu mpya haraka. Ukweli kamili ulitolewa siku chache baadaye.

Usiri huo ulikuwa na sababu, kwani mwizi naye husoma matangazo. Lakini usiri una gharama yake. Mnamo Novemba 11, 2020 baadhi ya kompyuta za Ethereum zilijikuta kwenye daftari lisilo sahihi kwa sababu kasoro fulani katika programu ya Geth ilikuwa imerekebishwa kimyakimya miezi kadhaa kabla, na ambao hawakuwa wameweka toleo jipya hawakujua kwamba walihitaji kuharakisha. Miongoni mwao ilikuwa kampuni ya Infura, inayotegemewa na pochi nyingi za kidijitali. Huduma zilikwama kwa saa kadhaa, na soko la Binance likasimamisha kwa muda utoaji wa Ether.

Matukio haya yote yanaelekeza kwenye jambo moja. Mtandao usio na mkubwa haukosi wakubwa. Wapo wanaoandika programu, na wachache miongoni mwao hujua kasoro kabla ya wengine. Wapo wachimbaji na wenye dhamana, ambao huamua ukurasa upi uandikwe. Yapo masoko, ambayo huamua sarafu ipi iitwe kwa jina gani baada ya njia panda. Na wapo watumiaji wenye kompyuta zao, ambao wanaweza kukataa.

Hakuna kati yao anayeweza kuamuru peke yake, lakini kila mmoja anaweza kuzuia. Ndiyo maana mabadiliko huchukua miaka, na ndiyo maana yakifanikiwa hudumu. Asiye na sauti kabisa ni yule aliyeacha sarafu zake mikononi mwa kampuni. Huyo hana kompyuta ya kukagua wala programu ya kukataa. Kampuni humwamulia.

KENYA INAINGIAJE?

Hapa ndipo sheria ya 2025 inapofaa kuangaliwa upya. Kwa kuwa haiwezekani kuwaita Nakamoto au waandishi wa programu mbele ya kamati ya Bunge, ni busara kwamba sheria ilizilenga kampuni zinazoshughulika moja kwa moja na wananchi. Hizo zina afisi, akaunti na wakurugenzi wanaoweza kuulizwa maswali.

Lakini leseni pekee haitoshi. Mwaka 2017, soko la Coinbase nchini Marekani lilitangaza kwamba halingeitambua Bitcoin Cash, kumaanisha kwamba wateja wake wasingepata nusu ya pili ya mali yao baada ya mgawanyiko. Lilibadili msimamo baada ya malalamiko makali na vitisho vya kushtakiwa. Mteja wa Nairobi au Kisumu hana uwezo wa kwenda mahakamani Marekani.

Kwa hivyo, wasimamizi wana maswali manne ya kuiuliza kila kampuni inayoomba leseni. Je, ni nani katika kampuni hiyo anayefuatilia mabadiliko ya programu, na hufikiwa vipi usiku wa manane? Je, kampuni ina kompyuta zake yenyewe za kukagua daftari, au inategemea kampuni nyingine kama ilivyotokea Novemba 2020? Je, wateja huarifiwa siku ngapi kabla ya huduma kusimamishwa? Na sarafu ikigawanyika mara mbili, ni nani mmiliki wa ile ya pili?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwani ndipo faida ya mteja inaweza kuyeyukia katika hesabu za kampuni pasipo mtu kuvunja kanuni yoyote ya mtandao. Majibu yake yanafaa kuandikwa katika mkataba kabla ya mwananchi kuweka shilingi yake ya kwanza, badala ya kusubiri siku ya njia panda.

Mwenye sarafu naye ana wajibu. Tarehe za mabadiliko makubwa hutangazwa mapema. Kuepuka kutuma pesa siku hiyo, kungoja hadi mtandao utulie, na kutobofya ujumbe wowote unaomtaka abadilishe sarafu zake za zamani kwa mpya ni tahadhari ndogo zinazoweza kumwepusha na hasara kubwa. Matapeli hupenda siku kama hizo kwa sababu wanajua watu wamesikia habari nusunusu.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bitcoin na Ethereum zimeonyesha kwamba chombo cha aina hiyo kinaweza kufika, ilmradi kila nahodha akubali kwamba hawezi kukipeleka peke yake. Lakini abiria aliyelipa nauli anastahili kujua ni nani aliyeshika usukani usiku wa dhoruba, hata kama kwenye tiketi yake pameandikwa kwamba chombo hakina nahodha.